Kazi ya mtoto, mikono ya fundi

Kwa Mhariri,

Jumapili jioni nilimkuta seremala wa mtaani kwetu akipiga msasa kigari cha mbao, kidogo na kizuri ajabu. Nikadhani ni cha kuuza. Kumbe ni mradi wa mwanafunzi wa Gredi ya Nne, na mama mtu alikuwa amesimama hapo na shilingi 300 mkononi.

Simlaumu mama huyo. Mwalimu hutoa alama kwa kilicho kizuri machoni, naye mtoto aliambiwa Ijumaa alete Jumatatu.

Sisi wa 8-4-4, mfumo wa elimu wa Kenya ulioanza 1985, tulikuwa na Sanaa na Ufundi. Vifaa vilikuwa haba, na masomo yenyewe yakapunguzwa baadaye, lakini gari langu la waya nililikunja mwenyewe. Magurudumu yalikuwa ya ndara kuukuu. Lilivuta kushoto. Nilihangaika nalo wiki nzima hadi nikagundua gurudumu moja lilikuwa dogo kuliko mwenzake, nikakata jingine kwa kuzungushia kizibo cha chupa.

Wiki hiyo ndiyo somo, na ndiyo tunayomlipa seremala aimalize.

Naomba shule zifanyie miradi darasani, kwa waya, makatoni na vibuyu vilivyomo kijijini. Mwalimu aulize kwanza mchoro uko wapi, na kitu kilikataa wapi. Kigari kilichopinda kikionyeshwa siku ya wazazi, tukipigie makofi.

Mzazi,
Nakuru