Mtoto Anakohoa Asubuhi: Umlete Nasari ama Abaki Nyumbani?

Kuanzia Juni hadi Agosti, vile baridi ya Nakuru inashika, meseji ya kwanza kwa simu ya nasari yetu karibu kila asubuhi ni ile ile: "Ticha, mtoto amekohoa usiku, nimlete ama nimuache?" Na mzazi anauliza akiwa ashavaa, matatu ya kutoka Free Area haingoji mtu na kazini mdosi hataki kusikia stori za mtoto. Hiyo presha tunaijua vizuri. Ndio maana tumeamua kuandika hii kitu yote mahali pamoja, uisome jioni ukiwa umetulia, ndio ile asubuhi yenyewe ikifika usianze kubahatisha.

Kuna kitu wazazi wengi wa mtoto wa kwanza hawaambiwi mapema. Mtoto mdogo kushikwa na homa ya mafua na kikohozi mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida kabisa, na ule mwaka wa kwanza wa kuchanganyika na wengine inaweza pita hapo. Homa yenyewe inaisha kwa siku 7 hadi 10 hivi lakini kikohozi kinabaki nyuma, kinaweza enda wiki 2 ama hata 3 na mtoto ako sawa, anakula, anakimbia, anapigania toy na wenzake. Sasa piga hesabu, tukisema kila anayekohoa akae nyumbani mpaka kikohozi kiishe kabisa kuna watoto hatungewaona miezi mingi kwa mwaka na mama zao wangekuwa wamefutwa kazi. Halafu hata haingesaidia sana, juu hizi virusi huambukiza zaidi zile siku 2 ama 3 za kwanza, na zingine zinaanza kuenea kabla hujasikia hata kikohozi kimoja. Kwa hivyo kikohozi peke yake hatukirudishi kwa geti. Tunaangalia mtoto.

Na kitu cha kwanza cha kuangalia ni vile anapumua. Hapa naomba mzazi usipite haraka, hata kama utasahau mengine yote kwa hii makala shika hii. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia, asiwe ametoka kukimbia, akiwa amelala ndio poa zaidi. Inua shati uone kifua na tumbo, weka dakika moja kwa simu, hesabu kila wakati tumbo linapanda. Hesabu dakika nzima, usihesabu nusu halafu uzidishe, watoto hawapumui kwa mpangilio sawa. Mtoto wa miezi 2 hadi asifikishe mwaka, ukipata 50 ama zaidi hiyo ni haraka. Wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40 ama zaidi. Mtoto mwenye anakohoa na amefika hizo namba anaenda kuonwa na daktari ama klinikal ofisa siku hiyo hiyo, haji nasari na haishii kwa kemisti.

Kuna dalili zingine hata hazina haja ya kuhesabu. Ukiona akivuta pumzi sehemu ya chini ya mbavu inazama ndani, ama pua inapanuka kila pumzi, ama anaguna, ama ukisikia sauti nzito ya kukwaruza wakati anavuta hewa na ametulia, wewe mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Hivyo hivyo akishindwa kunyonya ama kunywa chochote, akitapika kila kitu unampa, akishikwa na degedege, ama akiwa amelegea na kusinzia mpaka kumwamsha ni shida. Midomo na ulimi ukiona zimebadilika zikawa za bluu ama kijivu (kwa mtoto mweusi angalia ndani ya mdomo, kwa ngozi unaweza kosa kuona) usingoje kukuche, tafuta gari ama boda hata kama ni saa 8 usiku.

Tunasisitiza kuhesabu pumzi juu nimonia haijulikani kwa sauti ya kikohozi. Kuna mtoto anakohoa mpaka majirani wanasikia na mapafu ni safi, na kuna mwingine anakohoa kidogo tu kwa upole na ndiye mgonjwa sana. Mwaka 2019 nimonia iliua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani, na wengi wao wangetibika kwa dawa ambayo si ghali, ile amoxicillin ya kuyeyusha kwa maji ambayo hata hapa Kenya ndiyo wanaanza nayo. Shida kubwa huwa ni kuchelewa.

Tukuje kwa joto. Mkono kwa paji la uso unadanganya, hasa asubuhi ukiwa umetoka kuosha vyombo na maji baridi. Themomita ya kawaida inawekwa kwapani, na ikisoma 37.5 kwenda juu huyo mtoto ako na joto na hatumpokei siku hiyo. Kama huna themomita, tuna moja kwa geti na tunapima bila kuulizwa, na pia CHP (mhudumu wa afya ya jamii) wa mtaa wako anaweza kukusaidia, wengi walipewa mikoba yenye themomita tangu 2023. Mtoto anarudi akimaliza saa 24 bila joto na bila dawa ya kushusha joto. Hilo neno la mwisho ndilo linaleta mjadala kila mara kwa hivyo wacha nilifafanue.

Parasetamoli ya maji inashusha joto kwa saa 4 hadi 6, haitibu kitu kilicholeta joto. Mtoto akipewa saa 12 asubuhi anafika hapa akicheka, themomita inasoma vizuri, tunamwingiza. Saa 4 ama 5 dawa imeisha, mtoto anachemka, analia, hataki uji, amelaliana na wenzake kwa mkeka asubuhi yote, na sisi tunakupigia uache kazi katikati ya siku, ambayo kwa mdosi wengi ni mbaya kuliko kuomba ruhusa mapema. Na kuna hatari ingine wazazi hawaifikirii, kama hatujui umempa na tukimpeleka kliniki wakampa ingine, dozi inarundikana na parasetamoli ikizidi inaharibu ini. Tafadhali sana, kama umempa dawa yoyote sema kwa geti, taja ni gani na saa ngapi. Hatugombani na mtu. Tunajua umempa kwa sababu unampenda na juu ya kodi inakungoja, na hatutamsema mzazi yeyote mbele ya wengine.

Jambo moja zaidi kuhusu joto, hii ni ya wale wanasafiri. Nakuru iko juu na malaria hapa si nyingi, lakini wengi wetu kwetu ni Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, na watoto wanaenda kwa shosho ama dani Agosti na Disemba. Mtoto akipata joto ndani ya wiki chache baada ya kurudi, hata kama anakohoa na umeamini ni homa ya baridi, mwambie daktari mmetoka wapi na apimwe malaria.

Sasa, mtoto hana joto, anapumua poa, lakini amekohoa usiku mzima mpaka akatapika na hakuna mtu amelala kwa hiyo nyumba. Huyo sisi tungesema abaki siku moja apumzike, si kwa sababu ya wengine, ni kwa sababu yake. Darasa la watoto 20 lina kelele na mtoto mwenye hajalala anateseka. Akiwa amelala vizuri, amekula kifungua kinywa na anauliza mwenyewe twende shule, mlete, hata kama bado anatoa kamasi. Na rangi ya kamasi isikutishe, kugeuka njano ama kijani ni kawaida homa ikiendelea, haimaanishi anahitaji antibayotiki.

Kuna vikohozi ambavyo tutakuomba uende hospitali hata kama mtoto anacheza. Kikohozi kimepita wiki 2 na hakipungui, hasa kama haongezi kilo ama kuna mtu mzima kwa nyumba anakohoa pia, apimwe TB. Vipimo na dawa za TB ni bure kwa hospitali za serikali na mtoto akitibiwa anapona. Kikohozi cha usiku na cha kila akikimbia, chenye sauti ya filimbi kifuani, kinaweza kuwa asma na watoto wengi wanazungushwa na antibayotiki miezi na miezi kabla mtu aulize hilo swali. Kikohozi cha mfululizo mpaka anaishiwa na pumzi halafu anavuta hewa kwa kishindo na kutapika, hicho kinaweza kuwa kifaduro, na huyo harudi nasari mpaka amalize siku 5 za dawa. Kikohozi na macho mekundu na joto kali, halafu vipele vinaanzia usoni, fikiria surua na utupigie simu kabla ya kuja. Na kile kikohozi cha ghafla, mtoto alikuwa anakula njugu ama maharagwe ama mahindi, akapaliwa, akatulia, halafu tangu hapo anakohoa: mwambie daktari hiyo stori yote ya njugu, kitu kinaweza kuwa kimeingia njia ya hewa na mtu hataijua usipomwambia.

Ukikuja kumsajili tunaomba kitabu cha kliniki, na wazazi wengine wanaona ni usumbufu. Tunaangalia zile chanjo za wiki 6, 10 na 14, ndani yake kuna ya kifaduro na ile ya nyumokoko (bakteria inayoleta nimonia) ambayo Kenya ilianza kutoa 2011, halafu surua ya miezi 9 na ya miezi 18. Hii ya miezi 18 watu wengi wanasahau kabisa, juu mtoto ashatembea na hakuna mtu anafikiria kliniki tena. Kama ya mtoto wako haijajazwa, mpeleke wiki hii.

Nyumbani, mtoto akibaki, mpe maji, uji, supu, kidogo kidogo mara nyingi, na wa kunyonya anyonye zaidi. Akiwa amepita mwaka 1 kijiko kidogo cha asali kabla ya kulala kinatuliza kikohozi kuliko sirapu nyingi za kemisti, lakini chini ya mwaka 1 asali hapana kabisa, inaweza kumletea sumu ya botulismu. Zile sirapu za kikohozi za kuchanganya vitu vitatu vinne hazisaidii watoto wadogo na Piriton si ya kumlaza mtoto ndio ulale. Antibayotiki iliyobaki kwa friji tangu ile safari ingine, imwage, ikishachanganywa na maji haidumu wiki nyingi na hata haikuwa ya huu ugonjwa. Kumfunika mtoto na shuka juu ya karai ya maji moto, tafadhali wacha, watoto wanaungua vibaya hivyo. Na jiko la makaa usiingize chumbani usiku eti apate joto, moshi unaumiza kifua chake na ile hewa ya makaa kwa nyumba imefungwa inaua watu wakiwa wamelala, na haina hata harufu. Mvalishe soksi na sweta, inatosha.

Kwa upande wetu, madirisha yanakaa wazi hata Julai. Tunajua kuna wazazi hawapendi, lakini baridi si virusi, na chumba kilichofungwa na watoto 20 ndani ndio kinaeneza homa haraka. Kila mtoto ana kikombe chake, mikono inaoshwa na sabuni kabla ya kula na baada ya kupenga kamasi, na chumba cha watoto wachanga ni tofauti, wakubwa hawaingii. Hiyo ni muhimu kwetu sana juu kirusi kama RSV, ambacho kwa mtoto wa miaka 3 ni kamasi tu, kinaweza kumweka wa miezi 5 kwa oksijeni. Kama mtoto wako alizaliwa kabla ya wakati, ana shida ya moyo, ana selimundu (sickle cell) ama asma, tuambie ndio tuwe tunakupigia mapema kuliko wengine.

Ukiamua abaki nyumbani tuma meseji kabla ya saa 12 na nusu asubuhi na hiyo siku hatukutozi. Tuliweka hivyo makusudi, hatutaki mzazi amlete mtoto mgonjwa eti kwa sababu ashalipa. Kama hujui uamue nini, piga simu usiandike, tutakuuliza anapumua aje, themomita imesoma ngapi, amekula nini na amelala aje, na tutaamua pamoja kwa dakika chache. Akija na dawa tuandikie jina la dawa, kipimo na saa ya kupewa, na uweke namba ya mtu wa pili anayeweza kumchukua haraka kama simu yako imezima.