Ngoma zirudi kwenye duara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Juzi nilikuwa kwenye sherehe moja huku kwetu kanda ya ziwa, kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma, kikaja na majembe yao, wamejipanga vizuri kabisa, wakapewa dakika tano na hizo tano zote wakacheza wakiiangalia meza kuu, sisi wananchi tukabaki na migongo yao. Kijana mmoja wa kiti cha magurudumu alikuwa pembeni yangu, yeye hata migongo hakuiona. Roho iliniuma sana.

Usukumani mbina, yaani ngoma, haikuwa hivo. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, walikuwa wanacheza siku moja uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake na vituko vyake, huyu kaja na nyoka yule kaja na sanamu, na aliyevuta umati mkubwa ndio kashinda. Yaani hakimu ni watu, ukiwapa mgongo wanahamia kwa mwenzako! Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, siku za Bulabo, ile sikukuu yao ya ngoma, wanajitahidi kuitunza hiyo na nawashukuru kwa moyo wote, ila ni mara moja tu kwa mwaka.

Na mfano tunao hapahapa. Miaka ya 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho toka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kina Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikuja Malya, Kwimba. Hawakuja na mchezo ulioandikwa tayari, walikaa na wanakijiji wakasikiliza matatizo yao, alafu mchezo ukatoka humohumo kwenye ngoma na masimulizi ya watu wenyewe na baada ya onyesho wakakaa wote kujadili.

Ila tukifufua tusifufue kila kitu. Vichekesho vyetu vingi vilimcheka mwenye kigugumizi, kipofu, anayechechemea. Kwenye kanda hii ambayo ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, kuufanya mwili wa mtu kichekesho mi siwezi kukubali kabisa. Mwenye ulemavu aingie kwenye duara kama mtunzi na mchezaji, yeye ndio atuambie kwenye maisha yake kinachochekesha ni nini na kinacholiza ni nini.

Wala hatuhitaji jengo. Uwanja wa mnada unatosha, viti vya magurudumu, wazee na watoto wakae mbele, mkalimani wa lugha ya alama asimame pale pale anapocheza mchezaji sio pembeni huko kwenye spika, na kinamama wapewe muda wa kuongea baada ya mchezo maana mara nyingi wanaishia kupika tu.

Nawaomba maafisa utamaduni wa wilaya zetu, mwaka huu baada ya mavuno wajaribu onyesho moja tu bila meza kuu. Mgeni rasmi akija apewe mkeka akae na sisi.

Msomaji wenu,
Kwimba, Mwanza