Malalamiko kuhusu eSIM za safari ya Umra mlizotuuzia Mwanza

Bwiru, Ilemela,
Mwanza.
18 Novemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU eSIM ZA SAUDIA NA MADAI YA KURUDISHIWA SH 140,000

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mstaafu, nina umri wa miaka 71. Mwezi uliopita nilikwenda Umra na mke wangu katika msafara uliotoka hapa Mwanza, tukapitia Dar es Salaam hadi Jeddah. Kabla ya kuondoka nilinunua kwenye kaunta yenu hapa mjini vifurushi viwili vya eSIM, hizi laini za simu zisizo na kadi ya kuchomeka, changu na cha mke wangu, kila kimoja Sh 70,000. Nikiwa Makka nikauziwa cha tatu kwa bei hiyo hiyo. Nakala za risiti na picha za mazungumzo yangu na mhudumu wenu nimeziambatanisha.

Naanza na kifurushi cha mke wangu kwa sababu hicho hakina ubishi. Simu yake haina uwezo wa eSIM. Kijana wenu wa kaunta aliishika, akaigeuzageuza, akapokea hela, akampa karatasi yenye msimbo wa QR na kumwambia, "Mama, ukifika utaskani tu." Kuitambua simu kama hiyo ni kazi ya sekunde chache: unabonyeza *#06#, na simu inayokubali eSIM hukuonyesha, pamoja na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, namba nyingine ndefu ya tarakimu 32 iitwayo EID. Simu ya mke wangu inaonyesha IMEI basi. Simu nyingi za bei ya kawaida zinazouzwa mjini hapa ndivyo zilivyo, na anayeuza eSIM Mwanza ndiye wa kwanza kutakiwa kulijua hilo. Na hata ingekuwa inakubali, hilo la "ukifika utaskani" ni ushauri mbovu. Msimbo wa QR haubebi laini ndani yake. Unabeba anwani ya seva ambako laini inapakuliwa, kwa hiyo anayeskani lazima awe tayari na intaneti. Mama wa watu anashuka Jeddah hana intaneti, anaskani kwa kutumia nini?

Yangu ilisakinishwa pale pale ofisini kwenu kwa waifai yenu, nami nikaondoka nikijua mambo yamekwisha. Niliambiwa mambo mawili kwa msisitizo. La kwanza, nikifika nizime kabisa laini yangu ya Tanzania. La pili, nisithubutu kuwasha romingi, yaani laini kutumia mtandao wa wengine ugenini, nitakatwa hela hadi nijute. Niliyafuata yote mawili kama nilivyoelekezwa, na yote mawili ndiyo yaliyoniharibia safari.

Hili la romingi naomba mlisikilize vizuri, maana inaonekana ofisini kwenu halijulikani. Kuzima romingi ya data kwenye laini ya nyumbani ni sawa, huko ndiko mtu anakokatwa hela. Lakini eSIM mliyoniuzia si laini ya kampuni ya Saudia. Ni laini ya nchi nyingine inayotumia minara ya Saudia ikiwa mgeni, kwa hiyo bila kuwashiwa romingi upande wake haipitishi data hata tone. Simu moja, laini mbili, na kila laini ina setingi yake. Kijana wenu alisema "usiwashe romingi" kana kwamba ni kitufe kimoja cha simu nzima. Matokeo yake nilishuka Jeddah, mistari ya mtandao imejaa juu ya simu, jina la kampuni ya huko linaonekana, na intaneti haifunguki.

Nikatafuta namba yenu kwenye risiti. Ile namba haipigiki, ni ya chati tu. Kwa hiyo ili niwaambie kwamba sina intaneti, nilitakiwa kwanza niwe na intaneti! Ilibidi nisubiri hadi tufike hoteli Makka, nikasimama ukumbini mapokezi ambako ndiko waifai yao inashika, nikaandika. Mhudumu alijibu baada ya muda mrefu: "Pole sana babu. Futa eSIM halafu skani upya." Nikafuta. Nikaskani ile karatasi. Simu ikajibu kwamba msimbo huo hauwezi kutumika tena. Kwa kawaida misimbo hii ni ya matumizi ya mara moja, na mtu wa huduma kwa wateja katika kampuni ya eSIM anapaswa kujua kwamba kumwambia mteja aifute ni kumwambia aitupe. Hakuniuliza kama romingi imewashwa. Hilo ndilo swali la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza.

Nilipomweleza kilichotokea, jibu lake lilikuwa: "Hapo itabidi ununue nyingine babu. Hakuna mjukuu hapo karibu akusaidie?"

Wajukuu zangu walikuwa Mwanza, wamelala. Kuitwa babu sikatai, kwa umri wangu ni haki yangu. Ninachokataa ni umri wangu kugeuzwa jibu la tatizo lenu. Mazungumzo yote yapo, yasomeni: mara ya kwanza tatizo ni mzee hajaskani vizuri, mara ya pili mzee labda amegusa kitu, mara ya tatu aitwe mjukuu. Hakuna mahali mhudumu wenu aliposema, "Hebu tuangalie upande wetu." Nikanunua nyingine, maana nilikuwa ugenini na sikuwa na njia. Nayo ikaja na ugonjwa ule ule, mistari imejaa na data hakuna. Aliyeniponya ni kijana wa Unguja, wa msafara jirani tuliokuwa nao hoteli moja. Alifungua setingi za ile laini, akawasha romingi, meseji za WhatsApp zikaanza kumiminika. Hakunidai hata shilingi, na wala hakuniuliza nina miaka mingapi.

Kati ya Jeddah na kijana huyo wa Unguja ndipo palipotokea jambo ambalo hamtaliona kwenye chati zenu. Usiku wetu wa kwanza Makka, baada ya sala ya Ishaa, nilipotezana na mke wangu Msikitini. Wanawake husali sehemu yao na wanaume yao, na tulikubaliana tukutane nje ya Mlango wa Mfalme Fahd, namba 79. Aliyewahi kufika anajua watu wanavyotoka pale baada ya sala: unakwenda unakopelekwa na wimbi. Mke wangu alitokea mlango mwingine. Simu yake haikuwa na intaneti kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Yangu haikuwa nayo pia. Laini zetu za Tanzania, ambazo hata kwa gharama tungepigiana mara moja tukamaliza, tulikuwa tumezizima kabisa kwa maelekezo yenu, tena bila kuziombea huduma ya nje kabla ya kuondoka, kwa kuwa mlituambia hatutazihitaji. Nilisimama pale hadi umati ukapungua. Alirudishwa hotelini na mama mmoja Mkenya aliyesoma kadi ya msafara iliyokuwa shingoni mwake. Ana kisukari, na dawa zake nilikuwa nazo mimi. Kiongozi wetu wa msafara ni shahidi wa hayo yote.

Madina nako kidogo niaibike. Mwanamume anayetaka kuingia Raudha, ile sehemu tukufu ndani ya Msikiti wa Mtume, anachukua kibali kwenye programu ya Nusuk, na langoni anakionyesha kwenye simu. Kwa kuwa sasa nilikuwa na data, niliingia kwa wakati wangu. Lakini mzee mwenzangu wa Igoma, aliyenunua kwenu kaunta ile ile na kupewa onyo lile lile la romingi, alikuwa hajafunguliwa bado. Kiongozi wa msafara ndiye aliyemgawia data ya simu yake tukiwa kwenye foleni. Kwa hiyo msidhani hili ni la mteja mmoja.

Kuna na la benki, nitalisema kwa kifupi. Pensheni yangu hupitia benki, na kila ninapotaka kuhamisha fedha kwa simu inatumwa namba ya siri ya mara moja kwenye laini yangu ya Tanzania. Laini iliyozimwa haipokei meseji. Nilishindwa kutuma ada ya mjukuu, mwanangu akaikopa. Tena kijana wenu alinihakikishia kwamba nitapata "namba ya Saudia". Hakuna namba. Kifurushi ni cha data peke yake, hakipigi wala hakipigiwi kwa njia ya kawaida, na hilo halikuandikwa popote isipokuwa nyuma ya karatasi, kwa maandishi madogo mno na Kiingereza kitupu. Ushauri sahihi ulikuwa mfupi: laini ya nyumbani iacheni imewaka kwa ajili ya meseji, muizime data yake tu, na kabla ya safari hakikisheni kampuni yenu ya simu imewafungulia huduma ya nje. Sentensi moja hiyo. Ingetuokoa.

Sasa niseme kwa nini maneno ya "mjukuu" yamenikera kuliko hela. Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa opereta wa redio bandarini hapa Mwanza. Nimezungumza na meli za Bukoba na Nansio usiku wa pepo na mvua, wakati ambao wengi wa wahudumu wenu hawajazaliwa. Redio za VHF za majini zina chaneli namba 16, ya wito na dharura, na mtu wa zamu haachi kuisikiliza, kwa sababu aliyepatwa na shida hachagui mahali pa kupatwa nayo. Nyinyi mmeweka msaada wenu ng'ambo ya intaneti, halafu bidhaa mnayouza ni intaneti. Ni bandari inayomwambia nahodha aliyezimikiwa injini katikati ya ziwa kwamba taarifa za dharura zinapokelewa ofisini, kwa hiyo afunge gati kwanza. Hapo mwenye kasoro si nahodha, awe na miaka 30 au 71.

Na teknolojia yenyewe siilaumu. Tangu ile laini ya tatu ifunguliwe nilizungumza na nyumbani kila siku, picha safi, na sikuhangaika kutafuta pini ya kutolea kadi wala kuhofia kadi yangu ya nyumbani isipotee. Ningependa kuitumia tena. Ningependa pia kununua kwa watu wanaoijua.

Madai yangu ni haya. Mnirudishie Sh 140,000: Sh 70,000 za kifurushi cha mke wangu ambacho hakikuweza kutumika tangu siku mlipokiuza, na Sh 70,000 za kifurushi changu cha kwanza kilichofutwa kwa maelekezo ya mhudumu wenu. Cha tatu nilikitumia, sikidai. Muweke namba ya kupigwa kwa simu ya kawaida, inayopokelewa na mtu, na iandikwe kwenye risiti kwa tarakimu zinazosomeka. Kila atakayeuziwa eSIM kaunta simu yake ibonyezwe *#06# mbele yake kabla hela haijapokelewa, na apewe karatasi ya Kiswahili, ya maandishi makubwa, inayosema laini ipi iwashwe romingi na ipi izimwe, kwamba kifurushi hakina namba, na kwamba eSIM isifutwe. Mkitaka, karatasi hiyo niko tayari kuwaandikia mwenyewe bila malipo. Mwisho, huyo mhudumu asifukuzwe kazi kwa ajili yangu. Afundishwe, pamoja na yule kijana wa kaunta, na waliowaweka pale bila kuwafundisha ndio waulizwe.

Utaratibu wa TCRA, mamlaka ya kusimamia mawasiliano nchini, unamtaka mteja aanze kwa mtoa huduma wake, ndiyo maana nimeanzia kwenu. Nawapa siku 14 tangu mtakapogonga muhuri wa kupokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka na viambatanisho vyake ofisi ya TCRA Kanda ya Ziwa, ambayo kutoka Bwiru si mbali, na mzee wa Igoma ataandika ya kwake.

Jibu lenu liwe kwa maandishi, au nipigieni kwenye namba niliyojaza katika fomu yenu. Laini hiyo iko hewani. Msinitumie kiungo cha chati.

Wenu mteja,

(Saini)
Opereta mstaafu wa redio za meli, Bwiru.

Nakala: Kiongozi wa msafara.
Viambatanisho: Risiti tatu, picha za mazungumzo ya chati, picha ya simu ya mke wangu baada ya kubonyezwa *#06#.