Mtu mzima akisema, aandikwe

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nikiwa msichana na sijawahi kuwaandikia. Taarifa yenu ya juzi kuhusu ulinzi wa watoto imenishinda kunyamaza. Mmeeleza vizuri namba 116 ya simu ya msaada kwa mtoto, wajibu wa walimu na kazi ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Aliyetendewa ukatili utotoni akapata nguvu ya kusema akiwa tayari anaitwa baba, hamkumpa hata mstari mmoja.

Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu kituo cha polisi. Alilawitiwa akiwa darasa la nne na jirani aliyekuwa akifundisha twisheni uani kwake. Nyumbani hatukujua. Kilichomfungua kinywa ni kupita mtaa ule na kumkuta mtu yule yule, sasa ana mvi, amezungukwa na watoto wenye madaftari. Pale kaunta, mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizopotea, askari akamuuliza, "Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?" Akamwambia dawati ni la watoto na yeye si mtoto, na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, ni ya nini wakati hana jeraha la kumwonyesha daktari. Hakuuliza mtuhumiwa ni nani, anaishi wapi, wala kama bado anakaa na watoto. Mdogo wangu hakwenda kudai fidia! Alikwenda kwa ajili ya wale wenye madaftari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka. Yeye kaifikisha, karudishwa kama mzushi.

Wanaosema amechelewa wakumbuke ule utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotuambia kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Walioulizwa ni vijana wa miaka 13 hadi 24, na wengi walikuwa wakisimulia yaliyokwisha kupita. Kwenye utafiti wanaaminiwa, kaunta wanafukuzwa. Mahakama ya Rufani imesema ushahidi bora wa makosa haya hutoka kwa aliyetendewa, lakini pia huwa na shaka na anayechelewa kumtaja mtuhumiwa bila maelezo. Maelezo hayo atayatoa wapi, kama askari wa kwanza kumpokea hataki hata kuyaandika?

Nanyi magazeti mnachangia. Mnaandika "jina limehifadhiwa", kisha mnataja shule, mtaa na jina la baba. Mtaani kwetu mtoto mmoja alihamishwa shule kwa sababu ya habari ya namna hiyo. Anayesoma hayo akiwa na siri yake moyoni anazidi kufunga mdomo.

Kila dawati liwe na daftari la watu wazima na chumba chenye mlango. Swali la kwanza liwe: mtu huyo bado yuko karibu na watoto? Jibu likiwa ndiyo, afisa ustawi wa jamii afike kwake siku hiyo hiyo, asisubiri jalada. Twisheni za uani nazo ziandikishwe kwa mtendaji wa mtaa, na mzazi yeyote aruhusiwe kuingia wakati wowote bila kubisha hodi.

Jina limehifadhiwa,
Morogoro