Barua ya wazi kwa vijana wa chama cha waandishi: nembo nimeiona, miswada iko wapi?

Wanangu,

Salamu zenu nimezipata, na shikamoo zote nimeziitikia. Rasimu ya katiba mliyoniletea nimeisoma yote, hata vile vifungu vya adhabu. Nimemwona mwenyekiti, makamu wake, katibu, naibu katibu, mweka hazina, msemaji, mratibu wa matukio na kamati ya nidhamu. Nembo ya kalamu na jahazi imependeza. Mmenitaka niwe mlezi, na mmesema mnataka kufuata "njia ya Wafilipino": warsha kila mwaka, tuzo kila mwaka, jopo la wakongwe, na tamasha mkijaliwa.

Najua hayo mmeyatoa wapi. Mmeyatoa kwangu, maana tukikaa barazani siishi kuwataja hao watu. Nilifanya kazi Muscat, kwenye kiwanda cha uchapaji, nikisahihisha prufu, na waliokuwa wakipanga kurasa wengi wao walikuwa Wafilipino. Mmoja wao, mtu wa kisiwa cha Negros, ana binti ambaye sasa ni mwandishi kijana. Tunaandikiana naye mpaka leo. Basi nitawajibu kwa kuwasimulia hao hao mnaotaka kuwaiga, na barua nimeiacha wazi kwa sababu vyama vya namna yenu viko vingi, tangu Lamu hadi Bujumbura.

Nianzie mbali. Tarehe 2 Januari 1884, mjini Madrid, vijana wa Kifilipino waliokuwa masomoni walikutana nyumbani kwa akina Paterno. Nchi yao wakati huo ilitawaliwa na Uhispania. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa akisomea udaktari, José Rizal, akatoa wazo: tuandike riwaya kwa pamoja, ieleze maisha ya kwetu. Wote wakaafiki. Kikao kikavunjika watu wakiwa na furaha, na baada ya hapo hakuna aliyeandika hata sura. Wengine walitaka mada iwe wanawake tu, wengine walikuwa na kamari yao. Rizal akaona akiwangoja atazeeka. Akaiandika peke yake, akaimalizia Ujerumani wakati wa baridi, hana hata hela ya kula vizuri. Ilipokamilika hakuwa na uwezo wa kuichapisha. Aliyemkwamua ni rafiki yake, Máximo Viola, aliyefika Berlin, akaikuta hali, akamkopesha peso 300. Mwaka 1887 zikatoka nakala 2,000. Hiyo ndiyo *Noli Me Tangere*, ambayo tangu 1956 kuna sheria Ufilipino inayotaka isomwe mashuleni na vyuoni.

Sasa angalieni. Kikao cha Madrid kilikuwa na kila mnachokitafuta: wasomi, umoja, wazo zuri na nyumba ya kukutania. Riwaya ikaandikwa na mtu mmoja chumbani kwake, na mtu mmoja akatoa hela ya mtambo. Katika katiba yenu nimemtafuta Viola sikumwona. Mfuko wa fulana upo, wa uchapaji haupo.

Niingie kwenye warsha, maana hapo ndipo Wafilipino wana la kutufundisha. Mwaka 1962 mtu na mkewe, Edilberto na Edith Tiempo, walianzisha warsha ya uandishi katika Chuo Kikuu cha Silliman, Dumaguete, mji mdogo wa pwani katika hicho kisiwa cha Negros. Walikuwa wamesoma Iowa, Marekani, wakarudi na utaratibu wa huko: mswada unasomwa na wote kabla, unajadiliwa mbele ya mwenyewe, naye ananyamaza. Inahesabiwa kuwa warsha kongwe kuliko zote za aina yake Asia. Chuo Kikuu cha Ufilipino nacho kina yake, na zipo nyingine mikoani. Kijana anapeleka kazi zake, wanamchuja na wenzake, na akichaguliwa anakwenda kukaa na waandishi wa rika lake na wakubwa wachache.

Binti wa mwenzangu alichaguliwa. Aliporudi nilimwambia asinisimulie alivyofurahi, anieleze mswada wake ulifanywa nini. Hadithi ilikuwa ya bibi anayeuza samaki wakavu sokoni. Ilianza na aya mbili za jua linavyochomoza baharini. Mwanajopo mmoja, mama mtu mzima, akauliza: huyu bibi anapima kwa mizani au kwa jicho? Kimya, kwa kuwa mwenye hadithi haruhusiwi kujibu. Mwingine akadakia: mizani haimo, na bei haimo, nimetafuta. Muuza samaki asiye na bei! Wakaenda hivyo, sentensi kwa sentensi, mpaka pale bibi anapoanza kulia, wakauliza analiaje wakati wateja wamejaa mbele ya meza na mmoja ameshika samaki hajalipa. Usiku ule aliyelia ni binti. Asubuhi alifuta jua lote, akaanza na bei. Nimezisoma zote mbili, ile ya kwanza na hii ya pili. Hii ya pili, ukiimaliza, unaweza kumtambua bibi yule ukipita sokoni.

Hilo ndilo la kuiga. Warsha ninazoalikwa hapa kwetu, mgeni rasmi anafungua, mtoa mada anaeleza umuhimu wa fasihi katika jamii, tunakunywa chai na sambusa, vyeti vinagawiwa, tunapiga picha ya pamoja. Mswada hata mmoja haukufunguliwa. Nyie chukueni hadithi mbili kwa siku, basi. Kila mtu aje ameshaisoma, kalamu mkononi. Mwandishi anyamaze. Anayesema "ni nzuri" aoneshe mstari, na anayesema "mbaya" vilevile. Na ile ada ya washiriki mliyoipanga iondoeni. Ricky Lee, mwandishi wa filamu ambaye aliwahi kutiwa ndani zama za dikteta wao, Rais Ferdinand Marcos, amekuwa akiwafundisha vijana uandishi wa filamu bure tangu 1982, na mwaka 2022 nchi yake ikamtangaza Msanii wa Taifa. Bure, wanangu.

Lakini msidhani kuna mtu anayekula kwa warsha. Binti alipotoka Dumaguete alirudi kazini Quezon City. Anapokea simu za wateja wa kampuni za Marekani, kazi ambayo imeajiri Wafilipino zaidi ya milioni moja. Kwa kuwa mchana wa kule ni usiku wa kwao, anaingia saa tatu usiku. Huandika akitoka, asubuhi, pazia limeshushwa, kabla usingizi haujamshinda. Wenzake ndivyo walivyo: walimu, watunga matangazo, waandishi wa tamthilia za televisheni wanaodaiwa kurasa kila jioni. Wengine wako Wattpad, ule mtandao wa kuandika na kusoma hadithi, na hadithi zao za mapenzi, na Wafilipino wanaosoma huko ni wengi mno. Zipo zilizotoka huko zikawa vitabu na filamu. Watu wa warsha huwabeza watu wa Wattpad. Mimi siwabezi. Mtu anayengojewa sura inayofuata na maelfu ya wasomaji anajua jambo ambalo mwanajopo huenda amelisahau. Jarida lao la *Liwayway*, lililoanza 1922, limelea vizazi kwa riwaya za mfululizo, na sisi wa rika langu tunakumbuka watu walivyokuwa wakinunua gazeti kwa ajili ya hadithi, habari za serikali wakafungie maandazi.

Na vijitabu wanajichapishia wenyewe. Wanatoa kopi, wanakunja, wanabana katikati kwa stepla, wanapeleka kwenye maonesho madogo ya Manila na kuuza kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Binti alinitumia kimoja kwa posta. Kurasa 16, hadithi moja, michoro ya rafiki yake, pini ya juu imekwenda upande. Kwenye jalada la nyuma, chini kabisa, limeandikwa jina la aliyenunua karatasi. Viola wa siku hizi huyo. Steshenari ziko kila mtaa hapa Tanga, sijui mnangoja nini.

Tuzo ndiyo inayonitia wasiwasi. Ufilipino wana Palanca, iliyoanzishwa 1950 kwa jina la Carlos Palanca, tajiri aliyekuwa na kiwanda cha pombe. (Ndiyo, hela ya pombe. Msininunie, mimi simo kwenye kamati yao.) Kazi hupelekwa bila jina la mwandishi, jaji asijue anamsoma nani, na hilo ni jema. Waandishi wao wengi wakubwa wamepita humo. Lakini binti ananiambia kwamba ukikaa kwenye duru hizo miaka michache unaanza kujua nani anapenda nini. Mwanajopo wa warsha kesho ni jaji, keshokutwa ni mhariri, mtondo ni mwalimu wako chuoni, na ndiye atakayeandika maneno ya sifa nyuma ya kitabu chako. Hakuna aliye mbaya. Ila kijana aliyezungukwa na sura zile zile huanza kuandika hadithi inayofanana na iliyoshinda mwaka jana, wala hajijui. Tena Palanca ilifungua mlango kwa Kiingereza na lugha ya taifa; hadithi za Kisebuano, Kihiligaynon na Kiilokano, lugha zenye mamilioni ya wasemaji, zikaja kuingizwa 1997. Watu wa kisiwa cha binti walingoja karibu nusu karne. Kwa hiyo akitokea kwenu anayeandika kwa Kidigo au Kisambaa, msimtoe kwa kile kifungu cha lugha.

Nasi tunazo tuzo tayari, ya Safal-Cornell na ile ya Mwalimu Nyerere. Pelekeni miswada huko, mkashindane na msiowajua. Chama cha watu wachache kikianzisha tuzo, mwaka wa kwanza anashinda katibu, mwaka wa pili anashinda naibu katibu, na mwaka wa tatu hamsalimiani.

Juu ya jopo la wakongwe nitasema jambo ambalo wazee wenzangu hawatalipenda. Wanawake waandishi wa Ufilipino, miaka ya karibuni, wamejitokeza kusema waliyotendewa na wakubwa katika duru hizo hizo. Mzee aliyeshika ufunguo wa warsha, wa tuzo na wa mchapishaji ana nguvu nyingi mno mbele ya msichana wa miaka 20 mwenye mswada mkononi. Andikeni kifungu kizima: mswada hausomwi chumbani kwa mtu, wala hotelini, wala saa za usiku. Hata chumbani kwangu mimi. Tusome barazani, watu wanapita.

Mtaniuliza, basi chama kina kazi gani? Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi mwaka 1972, magazeti yalifungwa, waandishi wakatiwa ndani. Mwaka uliofuata jarida la *Focus*, ambalo lilikuwa upande wa serikali, lilichapisha shairi la Kiingereza juu ya Prometheus, yule wa ngano za Wagiriki aliyeiba moto. Mtunzi: Ruben Cuevas, jina lisilojulikana na mtu. Wahariri wakaona shairi zuri la mambo ya kale. Lilipofika mitaani, kuna waliosoma herufi ya kwanza ya kila mstari, kushuka chini, wakakuta MARCOS HITLER DIKTADOR TUTA, yaani Marcos ni Hitler, dikteta, kibwa cha bwana wake. Nakala zikakusanywa mbio. Mtunzi wa kweli alikuwa José F. Lacaba, mwandishi wa habari kijana. Mwaka 1974 alikamatwa, akateswa, akawekwa kizuizini.

Mwaka 1976 serikali hiyo hiyo ikataka kumpa Nick Joaquin heshima ya Msanii wa Taifa. Joaquin alikuwa ndiye mkubwa wao wa kalamu, na aliwahi kufanya kazi gazeti moja na Lacaba. Akajibu kwamba ataipokea kwa sharti moja, Lacaba aachiwe. Akaachiwa. Angeweza kuikataa ile heshima, akasifiwa kwa msimamo, na kijana akabaki ndani. Mimi nampenda zaidi kwa kuipokea. Alikuwa na jina, akalitumia kununulia mtu.

Na sisi tusijifanye hayo ni ya mbali. Abdilatif Abdalla alipofungwa Kenya, kati ya 1969 na 1972, aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yasingetufikia kama nje hapakuwa na mikono ya kuyapokea. Kwenye rasimu yenu kuna ukurasa mzima wa namna ya kumfukuza mwanachama. Mwanachama akikamatwa, akiugua, au mchapishaji akimdhulumu haki yake, hakuna hata mstari. Kamati ya nidhamu ivunjeni, watu wake wapeni kazi hiyo.

Ulezi siutaki. Mlezi kazi yake ni kukaa meza kuu, na mgongo wangu hauvipendi vile viti. Kusoma nitasoma. Ijumaa ijayo, baada ya alasiri, njooni barazani na hadithi mbili, kila moja isizidi kurasa kumi, kopi ya kila mtu, na ziwe zimegawiwa tangu Jumanne. Majina ya waandishi yasiwepo juu yake. Mweka hazina aje na daftari jipya la mfuko wa uchapaji. Mchango wa kwanza ni wangu, naye aniandikie risiti. Mwenyekiti asije na hotuba. Kahawa ipo, kashata mje nazo.

Mzee wenu,
Ngamiani, Tanga