Mwanangu, timu inataka mita

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote hatujambo. Nimefurahi kusikia kwamba umejiunga na timu ya mashine za kupiga makasia hapo Boston, na kwamba mnajiandaa kwa shindano la timu la Concept2, kampuni inayotengeneza mashine hizo, la tarehe 15 Septemba hadi 15 Oktoba. Umeuliza uanzie wapi. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mashine hii inaonekana rahisi, na wengi huanza kwa pupa, wiki ya pili mgongo ukawalaza.

Kwanza lile linalokutia wasiwasi, kwamba utaiangusha timu. Hutaiangusha. Katika shindano hilo mita za wanatimu wote hujumlishwa. Mita 3,000 zako za taratibu na mita 3,000 za mwenzako aliyezoea zinaingia kwenye hesabu kwa uzito ule ule. Basi usiitazame skrini ya jirani. Ukivuta mita 500 kwa dakika 2:30 unatoa nguvu ya wati 104 hivi. Anayezimaliza kwa dakika 2:00 anatoa wati 203. Tofauti ni sekunde 30, lakini nguvu inakaribia kuwa mara mbili, kwa sababu mashine inasukuma hewa kwa feni, na nguvu inayotakiwa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Mgeni akimfukuza mzoefu, ndani ya dakika nne tano pumzi inakata, mwendo unaharibika, na kesho yake haonekani. Timu imekosa mita za leo na za kesho.

Sasa mvuto wenyewe. Umekua ukiona wavuvi wakipiga makasia, lakini kule mtu hukaa pale pale, anavuta kwa mgongo na mikono. Hapa kiti kinateleza juu ya reli ili miguu ndiyo ibebe kazi kubwa. Lishike hilo kabla ya jingine lolote.

Panga nyayo kwanza: mkanda ukae juu ya sehemu pana ya mguu, pale kamba za kiatu zinapoanzia upande wa vidole, umekaza bila kubana. Vaa viatu vya soli nyembamba. Sogea mbele hadi miundi isimame wima, isipite hapo. Mikono imenyooka, mabega yamelegea, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo kutoka nyongani, mgongo haujapinda. Sukuma kwa miguu, mikono ikibaki imenyooka kabisa. Miguu inapokaribia kunyooka, fungua kiwiliwili hadi kilale nyuma kidogo tu. Mwisho kabisa vuta mpini hadi chini ya mbavu, viwiko vikipita karibu na ubavu. Kurudi ni kinyume chake: mikono inyooke, kiwiliwili kiiname mbele, ndipo magoti yakunjwe. Mpini uwe umeshapita magoti kabla hayajaanza kupanda. Na kurudi kuchukue muda mara mbili ya kusukuma. Hapo ndipo unapopumzika, ukiharakisha unajinyima pumzi yako mwenyewe.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kiti kukimbia. Miguu inasukuma, makalio yanarudi nyuma, lakini mpini haujasogea. Kisha mtu anauinua mzigo wote kwa kiuno. Utaligundua kwa kutazama mnyororo unaovutwa na mpini: kiti na mpini vinapaswa kuondoka pamoja, kwa urefu ule ule. Visipoondoka pamoja, tumbo na mgongo havijakazwa vya kutosha, au unasukuma kwa kishindo. Punguza nguvu nusu, kaza tumbo kabla ya kusukuma, utaona vinashikana.

Magoti kuwahi utayajua kwa mpini kupanda na kushuka kama unaruka kilima. Mikono kuwahi utaijua kwa maumivu ya mikono ya chini, toka kiwiko hadi kifundo. Hapo pia angalia unavyoshika: vidole vinaning'inia kwenye mpini kama ndoana, kidole gumba kimelegea. Anayeubana kwa kiganja hupata malengelenge mapema.

Kabla ya kila mazoezi fanya hivi: mivuto 10 ya mikono tu, miguu imenyooka; 10 ya mikono na kiwiliwili; 10 ya nusu reli; 10 ya reli nzima. Haichukui zaidi ya dakika mbili tatu, na mwili unakumbuka mpangilio.

Kando ya feni kuna wenzo wenye namba 1 hadi 10. Watu wengi huusukuma hadi 10 wakidhani ndiyo mazoezi makali. Namba ile inaamua hewa kiasi gani iingie kwenye feni, basi. Ukali unatoka kwenye miguu yako. Ukiwa 10 kila mvuto unakuwa mzito na wa polepole, na mgongo ndio unaolipa. Anza na 3 au 4. Kwa kuwa mashine za jimu hujaa vumbi kwenye feni, 4 ya mashine moja si 4 ya nyingine. Skrini ina sehemu ya kuonyesha kipimo cha ukinzani wa hewa, vuta mara chache kisha rekebisha wenzo hadi usome kati ya 100 na 120.

Kabla ya tarehe 15 Septemba fanya siku tatu kwa wiki: dakika 5 mara nne, ukipumzika dakika moja kati yake, mivuto 18 hadi 20 kwa dakika, kasi ambayo bado unaweza kuongea sentensi nzima. Ukivuta kwa 2:40 kila mita 500, hiyo inatoa kama mita 3,750 kwa siku. Wiki inayofuata ondoa mapumziko. Shindano likianza, mita 5,000 mara tano kwa wiki zitakupa 100,000 katika wiki nne, lakini usizifikie kwa kuruka. Ongeza urefu kwanza, kasi iache. Kiuno kikianza kuuma kwa ncha, acha siku hiyo. Kifua kikibana, acha papo hapo na umwone daktari.

Wenzako watakusaidia hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni saa. Tafuta mmoja mnaofanana ratiba, mpeane ujumbe kabla ya mazoezi, si baada. Picha ya skrini baada ya kumaliza inafurahisha kikundi, lakini "saa kumi na mbili asubuhi nipo" ndiyo inayomtoa mtu kitandani. La pili ni macho. Mwenyewe hujioni. Mwombe mmoja akupige video kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa kiti, hatua tatu kando, mivuto 10 tu. Itazameni kwa mwendo wa polepole mkiangalia kitu kimoja: je, viwiko vinakunjika kabla ya miguu kunyooka? Akikuambia makosa sita kwa mpigo, chagua moja, mengine yangoje. Mgonjwa katika timu asisukumwe ajaze mita; nahodha mwema huwaomba wazima waongeze 500 kila mmoja, naye arudi akipona.

Shati refu lichomeke, magurudumu ya kiti hulinasa. Futa reli kila ukimaliza. Ule mstari mweusi ni uchafu ulioshikwa na magurudumu, na ukiachwa kiti kitaanza kugotagota. Kama mashine iko mikononi mwa timu, mnyororo upakwe mafuta kila baada ya saa 50 za matumizi: kijiko kimoja cha chai cha mafuta mepesi ya mashine kwenye karatasi laini, pitisha mnyororo wote, kisha futa yanayozidi. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu msitumie, zinakausha mnyororo.

Hiyo video nitumie na mimi kabla ya tarehe 15, niangalie mnyororo.

Babako