Tusiwazuie watoto wetu bendi ya shule

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika toleo lililopita kwamba wazazi Waswahili tulioko Marekani tunawaacha watoto wapotelee kwenye matarumbeta na nyimbo za kushangilia mpira, badala ya kuwakalisha chini wasome hesabu. Sina ugomvi naye. Ni mzazi, na hofu yake naijua. Ila jambo hili naliona kwa karibu: ninaendesha basi la shule hapa Columbus, Ohio, na Ijumaa jioni msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi, mimi ndiye ninayeipeleka bendi kwenye mechi za ugenini. Binti yangu naye yumo, anapiga tromboni.

Ameandika kwamba nyimbo hizi ni kelele za Kizungu zisizotuhusu. Mimi ni mtu wa Tanga, mzaliwa wa Ngamiani, na hilo siwezi kulipitisha kimya. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kuanzia Lamu na Mombasa, wazee wetu wa pwani walikuwa na beni. Watu wamejipanga safu, sare zimenyooshwa pasi, matarumbeta na ngoma kubwa mbele, miguu inakwenda kiaskari. Beni ilipofika kwetu Tanga, mji uligawanyika kati ya vikundi viwili vya beni, Marini na Arinoti. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake na nyimbo zake, na kila upande ulitunga maneno ya kujisifu na ya kumpiga vijembe mwenzake. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba beni mpaka bara. Mzee wa Marini angekalishwa leo kwenye uwanja wa chuo kikuu cha hapa, Ohio State, kati ya watu zaidi ya laki moja, siku ambayo mahasimu wao, Chuo Kikuu cha Michigan, wamekuja kucheza, asingehitaji mtu wa kumfafanulia kinachoendelea.

Maana hawa Michigan na Ohio ndio Marini na Arinoti wa huku. Wimbo wa Michigan, The Victors, ulitungwa mwaka 1898 na mwanafunzi wa muziki, Louis Elbel. Timu yao ilikwenda Chicago ikashinda pointi 12 kwa 11, ikachukua ubingwa wake wa kwanza katika ligi ya vyuo vya eneo lile. Elbel akaona wimbo waliokuwa wakiuimba haulingani na ushindi wa namna hiyo, akatunga mwingine. Mwaka uliofuata John Philip Sousa, aliyekuwa jina kubwa kuliko yote katika muziki wa bendi Marekani, aliupiga na bendi yake pale pale Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan. Unapigwa mpaka leo.

Ohio wana wimbo wao wa mdundo wa kasi wa mwaka 1915, nao ni kazi ya mwanafunzi. Lakini ninaoupenda mimi ni ule wa taratibu, Carmen Ohio. Mechi ikiisha, wachezaji huja mbele ya bendi wakauimba, watu wameshikana mabega, wawe wameshinda au wameshindwa. Maneno yake ni ya Fred Cornell, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na inasimuliwa hapa kwamba aliyaandika ndani ya treni mwaka 1902, wakirudi kutoka Michigan ambako Ohio walikuwa wamechapwa pointi 86 kwa 0. Themanini na sita kwa bila! Kijana ametoka kwenye kipigo hicho, naye anaandika kuisifu shule yake. Mimi namheshimu sana kijana huyo, na ningependa mwanangu ajifunze moyo wa namna hiyo kabla hajajifunza namna ya kushinda.

Shule zetu za sekondari nyingi huazima tuni za vyuo na kuweka maneno yao. Yetu imeazima ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambayo William Purdy aliitunga mwaka 1909 akiwa na nia ya kuipeleka kwenye shindano la wimbo la Minnesota, kabla rafiki yake hajamshawishi aigeuze iwe ya Wisconsin. Kwa hiyo tuni iliyokusudiwa Minnesota, ikawa ya Wisconsin, inaimbwa hapa Ohio na watoto wa Kisomali, wa Kinepali na wa Kikongo. Katika basi langu yumo kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Alipofika hakuwa anasema na mtu. Mwalimu akampa susafoni, ile tarumbeta kubwa inayozungushwa mwilini, akajikuta ana kazi ambayo bendi nzima inaitegemea, maana besi ikikosea hatua zote zinavurugika. Siku hizi tukirudi usiku ndiye anayeanzisha wimbo wa shule, na kiti changu cha dereva kinatetemeka.

Na hesabu aliyoidai mwenzetu imo. Hatua ya bendi hupimwa: hatua 8 kwa kila yadi 5. Kila mtoto ana karatasi inayomwonyesha asimame wapi, atoke lini, afike kwa mapigo mangapi, na njiani asikatishe noti wala kumgonga mwenzake. Wanajifunza hayo juani, kabla hata shule hazijafunguliwa. Bendi ya Ohio State huandika neno Ohio uwanjani kwa miili ya watu wanaotembea, desturi ya tangu 1936, na mpiga susafoni mmoja hutoka kwenda kusimama mahali pa nukta ya herufi i. Watoto wetu wanaitazama nafasi ile kama wengine wanavyotazama kombe.

Sisemi nyimbo zote ni safi. Wimbo wa Chuo Kikuu cha Texas uliimbwa mara ya kwanza mwaka 1903 katika maonyesho ya aina ile ambayo Wazungu walijipaka masizi kuwakejeli watu weusi. Mwaka 2020 wanamichezo wa chuo waliomba ubadilishwe, na chuo kikaubakisha. Kule Mississippi bendi ya chuo iliacha mwaka 2016 kupiga Dixie, wimbo wa waliopigana vita upande wa watetezi wa utumwa. Nawaunga mkono Mississippi bila kusita. Wimbo wa shule ni wa wote wanaoiita shule yao, na haifai mmoja auimbe huku unamchoma. Wazazi tuulize historia ya kila wimbo wanaofundishwa watoto. Huko ni kuwalinda kweli, kuliko kuwafungia ndani.

Wapo wanaoniuliza kuhusu dini. Sare ya bendi inafunika mwili wote, na binti yangu huvaa kofia ya bendi juu ya hijabu. Magharibi ikiingia tuko ugenini, huswali kando ya basi pamoja na wenzake, na viongozi wa bendi wanajua wasimpangie kazi dakika zile.

Kwa wazazi wanaofikiria jambo hili: mazoezi huanza Julai au Agosti, hivyo mwoneni mwalimu wa bendi kabla shule hazijafungwa. Msikimbilie kununua ala. Zile kubwa kwa kawaida shule huazimisha, na ada ya sare ikiwa mzigo, semeni wazi mpunguziwe. Na mwenzetu aliyeandika, kama yuko jirani na Ohio, namkaribisha Ijumaa yoyote tukiwa nyumbani. Avae koti zito, aje mapema, asiondoke wakati wa mapumziko, kwa sababu hapo ndipo bendi inapoingia.

Baba Mwanaidi,
Columbus, Ohio